Samli ya Mama na Chembe za Ncha ya Kaskazini

Vijana wangu wa klabu ya sayansi, mlipokuja kwangu Kasulo mlinisalimia vizuri, mkakaa vizuri, mkala karanga zangu zote, kisha binti mmoja wa Nyamigogo akaniuliza swali wakati basi lenu limeshaanza kupiga honi. Aliuliza: "Bibi, ndege ikisema hivi na setilaiti ikasema vile, nani anasema kweli?" Mkaondoka kabla sijafungua mdomo. Swali lile limenikalia kichwani hadi leo, kwa hiyo nimeamua kuandika. Msomewe darasani, na asiyetaka kusikiliza basi siku nyingine asije kula karanga za watu.

Wengi wenu mnadhani nilikuwa rubani. Sikuwa. Ndege ile yetu ya utafiti ilikuwa na kiti kimoja tu, na aliyekikalia alivaa vazi lililofungwa kila mahali, kofia ya kioo na mipira ya kupumulia, kwa sababu alipanda juu sana kuliko ndege za abiria. Mimi nilikuwa mtu wa chini. Niliandaa mashine kabla haijaruka, nikaipokea ikirudi, kisha nikakaa na namba zake mpaka macho yakauma. Kabla ya hapo nilifundisha fizikia Biharamulo miaka michache, nikapata nafasi ya kwenda kusoma, na huko nikaangukia mikononi mwa mzee mmoja Mnorwe aitwaye Ragnar, ambaye hakuwa na mke, hakuwa na mbwa, alikuwa na mashine moja ya kuhesabu chembe.

Nieleze kwanza chembe zenyewe, msije mkadhani tulikuwa tunahesabu vumbi la barabarani. Juu ya mawingu ya mvua kuna tabaka la hewa kavu liitwalo stratosfia, na humo ndimo iliko ozoni inayotukinga na ukali wa jua. Humo humo mnaelea vitone vidogo mno vya asidi. Wataalamu huviita erosoli, mimi nitaviita chembe. Kule kwenye ncha za dunia baridi ikizidi, klorini iliyotoka kwenye gesi za friji za zamani na makopo ya kupulizia hupata mahali pa kuamkia, nako ni juu ya chembe hizo. Jua likirudi baada ya majira ya giza, klorini huanza kuila ozoni. Ukitaka kujua ozoni kiasi gani italiwa, sharti ujue chembe ni ngapi.

Mashine ya Ragnar ilivuta hewa kwa bomba na kuipitisha mbele ya mwanga wa leza. Kila chembe iliyopita ilimeta, lenzi ikaukusanya mmeto huo, na hesabu ikaongezeka moja. Niliipa jina la Karani kwa sababu iliandika kila aliyepita mlangoni na haikucheka na mtu.

Setilaiti yenyewe haikuvuta chochote. Ilikuwa mbali huko, ikilitazama jua linapozama au kuchomoza ukingoni mwa dunia, na kupima mwanga umefifia kiasi gani kwa kupita hewani. Penye chembe nyingi mwanga hufifia zaidi. Hivyo Karani aliziona chembe moja moja pale alipo, na setilaiti iliona mstari mrefu wa hewa kwa mara moja. Shikeni hapo, tutaparudia.

Sasa nije kwenye samli.

Baridi ya kaskazini kabisa ya Ulaya haina adabu. Wiki ya kwanza mikono yangu ilipasuka kama udongo wa kiangazi, na dawa zote za madukani kule zilinuka maua na hazikusaidia kitu. Nikamwandikia Mama, naye akanitumia kikopo cha samli ya kujipaka, ile ya kwao Nyakahura, iliyofukizwa moshi mpaka ukiifungua unasikia jiko zima. Ndani ya siku chache nikawa mtu tena. Tatizo ni kwamba tulikuwa na Karani wa pili, wa akiba, aliyekaa mezani akifanya mazoezi kwa kuhesabu hewa ya chumbani. Kila nilipoingia na samli yangu, hesabu yake ilipaa na kengele ikalia. Ragnar hakuwa hata akigeuka. Alisema tu, "Gaude amefika."

Alikuwa mzee wa mizaha, na mimi sikumwacha. Nilimfundisha neno shikamoo bila kumweleza kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Majira mazima ya baridi yule babu mwenye mvi aliniamkia kila asubuhi, nami nikamwitikia marahaba bila aibu yoyote. Siku alipopata maana yake kwa mwanafunzi mmoja Mkenya alininyima kahawa mpaka jioni. Tangu hapo akawa ananikazia macho mpaka niseme mimi kwanza.

Alinifundisha mengi, na mengine hayamo kwenye kitabu chochote. Kwamba bomba la kuvutia hewa lisiwe na kona kali, maana chembe kubwa hazijui kukata kona, zinagonga ukuta na kubaki humo. Kwamba bomba likipata joto vitone hukauka njiani, na Karani ataapa hakuona mtu. Kwamba usiamini namba iliyokupendeza kabla hujaichukia kidogo. Na kwamba skrubu ndogo ikianguka ndani ya mashine, usiitafute kwa hasira. Hilo la mwisho nilishindwa kabisa. Mimi nikikasirika hata r na l hubadilishana viti mdomoni.

Basi mwaka ule ndege iliruka mara kadhaa, na Karani akaanza kutofautiana na setilaiti. Haikuwa tofauti ya kubishania senti. Setilaiti ikitaja chembe nyingi, Karani alitaja karibu nusu yake. Mkuu wa msafara alikuwa mama mmoja Mjerumani aitwaye Ilse, mrefu, mkavu, mtu wa haki lakini asiyetabasamu bila sababu. Alituita mezani na kuuliza swali lililokuwa halali kabisa: "Ni kitu gani kinaweza kumfanya Karani aone pungufu?"

Watu wakataja bomba. Bomba lilikuwa zima. Wakataja leza, nayo ilikuwa nzima. Kisha Ilse akanitazama mikono, iliyokuwa inang'aa.

"Nani alikuwa wa mwisho kuishika lenzi kabla sanduku halijafungwa?"

"Mimi," nikasema.

"Na hayo mafuta?"

"Nilivaa glavu."

"Kila mara?"

Nikafikiri. Kulikuwa na skrubu moja ndogo ambayo haishikiki kwa glavu, na niliivulia glavu wakati wa kuikaza. Lenzi sikuigusa, nijuavyo mimi. Lakini nijuavyo mimi si kipimo, nikamweleza vilevile ilivyokuwa.

Ragnar akanitetea. Alisema kila baada ya safari alimpima Karani kwa kumpulizia shanga ndogo za plastiki ambazo ukubwa wake unajulikana, na Karani alizihesabu vizuri. Lenzi ingekuwa na mafuta, shanga zingepungua. Watu wakaanza kukusanya vikombe vyao wakidhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe.

"Ragnar, unampimia chumbani, kwenye joto. Samli kwenye joto ni kama maji, unaona hadi ng'ambo. Kwenye baridi inaganda na kuwa nyeupe."

Katika meza ile yote, ni mimi peke yangu niliyekulia kwenye nyumba yenye samli. Asubuhi za baridi hapa Ngara mnazijua, unakuta imeganda chunguni mpaka uichote kwa kijiko. Walikuwa hawajui, na sasa wakajua. Ragnar akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kulifungua lile sanduku hakukuwa jambo la kufungua sufuria. Lenzi na leza zilipangwa kwa unyoofu wa kutisha, na kuzipanga upya kulitaka chumba maalumu na wiki nyingi. Kumfungua Karani maana yake ni kumshusha kwenye ndege, na kulikuwa na mashine ya watu wengine imekaa sandukuni inasubiri nafasi yake. Kwa Ragnar yalikuwa majira ya mwisho kabla ya kustaafu. Akishuka Karani, kazi ya maisha yake ingeishia stoo, na kwenye ripoti ingeandikwa kuwa haikuaminika. Kwangu mimi mkataba wangu ulikuwa umefungwa kwa Karani. Akishuka, nami nashuka.

Ilse alijua kwamba nilikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani kwenye harusi ya mdogo wangu. Akasema, "Nenda. Ndege haitaruka mpaka hali ya hewa itulie. Ukirudi uwe na maelezo, ama Karani anashuka."

Nikafika Kasulo na laptopu yenye namba zote, na uso ambao Mama aliusoma kabla sijashusha mzigo. Nilimweleza. Alikuwa anachambua maharage, na mikono ikasimama.

"Nani ameishtaki samli yangu?"

"Mkuu wetu wa kazi, Mama."

"Ananijua?"

"Hapana."

"Amewahi kunisalimu?"

"Mama, yuko Ulaya."

"Kwa hiyo mtu ambaye hajanisalimu hata siku moja ameishtaki samli yangu mbele ya watu." Akarudia kuchambua maharage kwa nguvu mpya. "Basi na wewe hutarudi na samli huko. Mpaka kesi iishe, na aliyeishtaki anisalimu."

Nikamwambia mikono itapasuka. Akasema ipasuke. Mama alikuwa mtu wa msimamo, na kwa habari ya samli yake alikuwa hakimu, mlalamikaji na askari.

Harusi ilikuwa Nyakahura, kwao bibi harusi, karibu na soko la barabarani. Pale kulikuwa na duka la rafiki yangu wa shule, Zuhura, ambaye babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara akasahau kurudi. Zuhura alikuwa na vitu viwili nilivyovihitaji kuliko keki ya harusi: umeme na friza. Nikamwambia nataka kugandisha samli kwenye kioo.

"Dada Gaude, umesoma hadi huko kote ili uje kugandisha samli dukani kwangu?"

"Ndiyo."

"Haya. Sogeza samaki, weka hapo."

Samli yenyewe nilichota kidogo kwenye chungu cha shangazi yangu pale Nyakahura, maana ya Mama ilikuwa imewekewa ulinzi. Nilitoa kioo kwenye fremu ya picha, nikakipaka kwa ncha ya kidole, kidogo kama ambavyo kidole cha fundi kingeacha. Nikamulika tochi. Mwanga ulipita bila shida. Nikakiweka kati ya sato na mifuko ya barafu, nikasubiri huku wateja wakija kununua soda na kuniuliza kama ni dawa. Mmoja aliomba auziwe. Nilipokitoa nikamulika tena, na pale palipopakwa mwanga ulikuwa umefifia kabisa. Ukungu mweupe, safi, wa kuaminika.

Nikakaa kwenye kreti la soda. Sikulia, lakini nilikuwa karibu. Mpaka dakika ile nilikuwa na matumaini kwamba najisumbua bure, kwamba mafuta kidogo hivyo hayawezi kumziba macho Karani. Kumbe yanaweza. Nilimwona Ragnar akilini mwangu akibeba sanduku lake kuelekea stoo, nikaona aibu kama vile nimeshalifanya kosa lenyewe.

Zuhura alinipa soda. Hakusema kitu cha busara, alisema tu kwamba nguo yangu ya harusi inanuka samaki, na hiyo ilikuwa kweli.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi ilipo. Ragnar alikuwa na desturi moja. Vipimo viwili vikigombana, watu wote hukimbilia pale ugomvi ulipo mkubwa. Yeye alitafuta kwanza pale vinapopatana. Alisema ugomvi una sababu nyingi, lakini mapatano hayatokei bure. Sisi tulikuwa tumechora tofauti tu, kwa wastani wa safari nzima, tukazitazama kama watu wanaotazama kidonda. Nikafungua laptopu juu ya kaunta, kati ya mizani na sabuni za vipande, nikaanza kupita kila safari, dakika kwa dakika, nikitafuta mahali Karani na setilaiti walipokubaliana.

Na vilikuwepo vipande vya safari vya namna hiyo. Havikuwa vingi, lakini kila rubani alipogeuza ndege kwenda kusini akafika mbali vya kutosha, hesabu ya Karani ilipanda ghafla na kukutana na ya setilaiti. Akirudi kaskazini, inashuka tena. Safari baada ya safari, vilevile.

Nikasimama nikapiga kaunta mpaka mizani ikaruka. "Samli haijui kusini ni wapi!"

"Nini?" akauliza Zuhura.

"Lenzi ikiwa na samli iliyoganda, ina samli kaskazini na ina samli kusini! Haiwezi kujisafisha ndege ikigeuka!"

Na asije mmoja wenu akaniambia labda kusini palikuwa na joto ikayeyuka. Pale juu, hata upande wa kusini, palikuwa na baridi kuliko friza ya Zuhura mara nyingi. Kama samli ingekuwapo, ingekuwa jiwe safari yote.

Kilichobaki ni kuuliza kuna nini kaskazini. Majira ya giza, upepo mkali huzunguka ncha ya dunia kule juu, ukaifungia hewa ya katikati isichanganyike na ya nje. Mimi huuita boma la upepo. Ndani ya boma hewa hushuka polepole kutoka juu zaidi, ambako chembe ni chache. Kwa hiyo ukipima ndani ya boma, kwa kimo kilekile, utakuta chembe chache kuliko nje. Ndege yetu ilikuwa pia na chombo cha kupima gesi moja, ile ile wanayovutisha madaktari wa meno wagonjwa wao wakacheka. Hiyo gesi hupungua sana ndani ya boma, kwa hiyo hukuambia uko upande gani wa ua. Nikalinganisha. Pale gesi ilipopungua, Karani alikuwa ndani. Pale ilipoongezeka, alikuwa nje, na ndipo alipopatana na setilaiti.

Kosa letu sote lilikuwa moja. Tulichagua vipimo vya setilaiti vilivyokuwa karibu na ndege kwenye ramani, bila kujali ua umepita wapi. Mstari wa setilaiti ni mrefu mno. Mwingi wake ulikuwa nje ya boma hata kama katikati yake ilikuwa jirani na ndege. Fikirieni mtu amesimama barabarani Nyakahura siku ya mnada, anataka kujua boma la babu yangu lina ng'ombe wangapi, naye anahesabu kila ng'ombe aliye kati yake na kilima. Macho yake ni mazima. Ng'ombe anaowaona wapo kweli. Ila si wa babu yangu.

Nikanunua penseli za rangi hapo hapo dukani nikaipanga mistari yote ya setilaiti kwenye karatasi za kufungia sukari: ya ndani ya boma, ya nje, na iliyokatiza ua. Siku hizi kompyuta inapanga yenyewe kabla hujamaliza kupiga miayo, na setilaiti za sasa zinaona vizuri zaidi, lakini nawashauri mfanye kwa mkono walau mara moja. Mkono unaona vitu ambavyo jicho limechoka kuvitazama. Mistari ya ndani nikaiweka na hesabu za Karani za ndani. Zikakubaliana.

Nilifika harusini keki imeshalishwa. Mdogo wangu alininunia, na hadi leo kwenye picha zake za harusi mimi sipo isipokuwa moja, nimesimama nyuma kabisa, nacheka peke yangu kama mgonjwa.

Siku ya kuondoka Mama alinifungia mfuko wa karanga, akaushona kwa uzi. "Usiufungue mpaka kesi iishe. Mtakula kwa furaha au mtakula kwa huzuni, lakini iishe kwanza." Samli hakunipa. Nilimbembeleza hadi barabarani, akanipungia mkono tu.

Msidhani Ilse alinipigia makofi. Aliziangalia karatasi zangu za sukari zote, taratibu, kisha akasema, "Umezipanga upya namba mpaka zikakupendeza. Hata mimi ningeweza." Nilikasirika sana, na r zikaanza kunitoka l. Lakini alikuwa na haki. Mtu akishaona majibu, hupata njia ya kuyafikia. Ragnar akanigusa bega akasema, "Mwambie kesho itakuwaje, kabla ya kesho."

Nikaenda ubaoni. Nikaandika kwamba safari ijayo rubani aruke kwa kuufuata mstari wa setilaiti wenyewe, saa ileile setilaiti inapolitazama jua likizama, aanzie ndani ya boma na kuukata ua hadi nje. Nikaandika kwamba Karani ataona chembe chache, kisha hesabu itapanda kama ngazi pale gesi inapopanda, na kwamba hesabu zake zote za njiani zikijumlishwa pamoja zitafanana na ile moja ya setilaiti. Nikachora ngazi yenyewe kwa chaki. Kama ni samli, hakuna ngazi itakayoonekana kwa wakati wake wala jumla itakayofanana. Nikaweka jina langu chini. Mkono ulikuwa umepasuka na chaki ikaingia kwenye nyufa, ikauma.

Ndege ikaruka. Ragnar alikunywa kahawa nyingi. Mimi nilisali rozari, nikakatisha katikati, nikaanza upya. Ilse alikaa akiusoma ubao wangu kana kwamba umeandikwa na adui anayemheshimu.

Namba zilipofunguliwa, mstari wa Karani ulikuwa chini, ukatambaa chini, ukatambaa. Kisha gesi ikapanda, na Karani akapanda nayo. Ngazi ilikuwa pale pale nilipoichora, imeinama kidogo tu. Tulipojumlisha hesabu za njiani, jumla haikuwa sawa kabisa na ya setilaiti, maana hakuna vipimo viwili vilivyo sawa kabisa, na mkiletewa vya namna hiyo mtafute aliyenakili. Lakini tofauti ile kubwa ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ndogo, ya kawaida, ya kuishi nayo.

Binti wa Nyamigogo, jibu lako ndilo hilo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Waliosema uongo bila kujua tulikuwa sisi, tuliowauliza swali moja wakati kila mmoja alikuwa anatazama hewa yake.

Ilse aliinuka. "Karani anabaki," alisema. Ragnar akafuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu. Nilifurahi kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, na nilikuwa nimefurahi sana kwa ajili yangu.

"Na nani ninadaiwa kumwomba radhi?" Ilse akauliza. "Wewe?"

"Mimi hapana, nilijishtaki mwenyewe. Ni Mama. Anasema umeishtaki samli yake na hujawahi kumsalimu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akamgeukia Ragnar: "Wanasalimiaje?" Naye Ragnar, mwalimu mzuri kwa kuwa alijifunza kwa uchungu, akamweleza neno lenyewe na nani humwambia nani. Alimrudisha mara kadhaa mpaka akalisema vizuri.

Nikapiga simu. Mama alipokea akiwa shambani, nilisikia mbuzi. Nikampa Ilse simu.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Nikamsikia akiwafukuza mbuzi kwanza.

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu. Kisha akaniita kwenye simu, akasema kwa Kisubi, lugha ya nyumbani, nawatafsiria: "Sauti yake ni ya mtu anayesikia baridi. Muulize mikono yake ikoje."

Nikamuuliza. Ilse akaitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza nami nikaitazama. Ilikuwa imepasuka kuliko yangu, kwenye vifundo kote, na majira yote yale hakuwahi kusema. "Inauma," alisema polepole.

Nikamfikishia Mama.

"Kesi imekwisha?"

"Imekwisha, Mama. Samli haina hatia."

"Nilijua. Sasa fungua karanga."

Nikakata uzi kwa kisu cha Ragnar, nikamwaga karanga mezani. Katikati yake vikaanguka vikopo viwili vya samli, vimefungwa kwa kitambaa, kimoja kimefungwa na uzi mwekundu kama anavyofunga Mama zawadi ya mgeni. Alikuwa amevishona humo siku naondoka, kabla ya ubao, kabla ya ngazi, kabla ya mtu yeyote kumsalimu. Nililia pale pale mbele ya watu, na sikupata hata nafasi ya kumaliza, kwa sababu Karani wa akiba alianza kupiga kengele mezani. Ilse alikuwa ameshafungua cha kwake.